Dæhlie aliyemsubiri Boit: alikuwa mwanamichezo wa namna gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi si mbali na Eldoret, na jioni nawafundisha watoto riadha. Huku kwetu kisa cha Philip Boit, Mkenya aliyeshindana katika skii, na Mnorwe aliyemsubiri kwenye theluji kinajulikana, na tunajua pia kwamba Boit alimpa mwanawe jina la Mnorwe huyo. Lakini watoto wakiniuliza Dæhlie mwenyewe alikuwa nani na alishinda nini, sina jibu la maana. Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba skii ni mchezo wa nchi tano sita, kwa hiyo medali zake hazina uzito. Je, ni kweli? Na jina lake linatamkwaje?

Jibu: Mwalimu, salamu nyingi kwako na kwa watoto. Nimefurahi umeuliza, maana kisa kile cha Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, kimesimuliwa mpaka kimemmeza mtu mwenyewe. Bjørn Dæhlie amebaki kuwa yule bwana mwungwana aliyemkumbatia Mkenya, basi. Ni kama mtu amkumbuke Kipchoge Keino kwa makao ya yatima pale Eldoret, asahau kwamba Mexico mwaka 1968 alimwacha Jim Ryun nyuma katika mita 1,500.

Wewe ni mtu wa riadha, kwa hiyo nianze na saa. Tarehe 12 Februari 1998, kule Hakuba, milimani mwa mkoa wa Nagano, Dæhlie alishinda kilomita 10 za skii za nyika, yaani mbio za kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu miguuni na fimbo mbili mikononi, kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Siku kumi baadaye, tarehe 22, akashinda kilomita 50 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 8. Zitazame namba hizo kwa jicho la mkimbiaji. Dakika 27 ni mita 10,000 za wanaume. Saa 2 na dakika 5 ni marathoni. Moyo na mapafu havihesabu kilomita, vinahesabu muda na ukali wa kazi. Kwa mizani hiyo, Dæhlie alifanya ndani ya Olimpiki moja kitu kinachofanana na kuchukua dhahabu ya mita 10,000 na dhahabu ya marathoni. Kwenye riadha, mwanaume wa mwisho kuzichukua zote mbili katika michezo ileile ni Emil Zátopek wa Chekoslovakia, Helsinki, mwaka 1952. Tangu hapo hakuna.

Nitende haki: skii haipondi miguu kama lami inavyoiponda, ndiyo maana wanaskii hupiga mbio nne au tano ndani ya wiki mbili na hakuna anayeshangaa. Zátopek alifanya jambo gumu zaidi kwa mifupa yake. Ila kuna upande mwingine ambao mkimbiaji hakutani nao kabisa. Zile kilomita 10 za Hakuba na zile 50 hazikupigwa kwa mtindo mmoja.

Mbio za skii za nyika zina mitindo miwili. Wa kwanza ni wa asili, klasiki: unakwenda ndani ya mifereji miwili sambamba iliyochimbwa kwenye theluji, mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto, kama mtu anayetembea kwa hatua ndefu sana. Wa pili ni mtindo huru, ulioenea miaka ya 1980: miguu inasukuma kwa pembeni, kushoto kulia, kama mtelezaji wa barafuni, na fimbo zote mbili zinapigwa kwa pamoja. Skii ni tofauti, viatu ni tofauti, hata misuli inayoanza kuwaka moto si ileile. Mitindo hii ilipotenganishwa katika mashindano, wapo waliokuwa wafalme wa mmoja na watu wa kawaida katika mwingine. Dæhlie alikuwa bingwa wa Olimpiki katika yote miwili, wa mbio fupi na za mbali zaidi. Ukitaka kujua ukubwa wake uko wapi, uko hapo. Idadi ya medali ni matokeo tu.

Na klasiki ina siri moja ambayo watoto wako wataipenda, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo. Niliposimama juu ya skii kwa mara ya kwanza, nikiwa masomoni Norway, mzee mmoja wa klabu aliniweka juu ya sakafu ya mbao, akachukua kipande cha karatasi na kukipenyeza chini ya skii, pale katikati ninapokanyaga. Akaniambia nisimame kwa miguu yote miwili. Akaivuta karatasi, ikapita bila kukwama. Kisha akaniambia nihamishie uzito wote kwenye mguu mmoja. Akaivuta tena, karatasi ikang'ang'ania, haitoki. Skii imepinda kama upinde. Ukigawa uzito, katikati yake hainusi hata chini. Ukiukandamiza mguu mmoja, katikati inashuka na kukamata. Sehemu hiyo ndiyo inayopakwa nta ya kunata, na huko mbele na nyuma hupakwa nta ya kuteleza. Kwa hiyo kila hatua ya klasiki ni kukandamiza kwa wakati barabara, nta iume theluji, upate pa kujisukumia, halafu uiachie mara moja ili uteleze. Ukichelewa kidogo, mguu unarudi nyuma bure kama wa mtu anayekimbia kwenye matope.

Nta yenyewe inategemea joto la theluji, unyevu wake, na kama ni mpya au ya zamani. Mafundi wa timu huamka usiku kuipima. Wakikosea, bingwa wa dunia anageuka mtu wa kawaida. Ilimtokea Dæhlie hukohuko Hakuba, siku tatu kabla ya dhahabu yake: kilomita 30 za klasiki, theluji ikianguka, skii zake zikamkataa, akamaliza wa 20. Siku hiyo alishinda Mfini, Mika Myllylä. Nakuandikia hili kwa sababu wasimulizi wengi huliruka. Mtu yuleyule, pafu lilelile, wa 20 tarehe 9 na wa kwanza tarehe 12.

Sasa turudi mwanzo. Dæhlie alizaliwa tarehe 19 Juni 1967 mjini Elverum, mashariki mwa Norway, na klabu yake ilikuwa Nannestad, eneo la mashamba na misitu kaskazini mwa Oslo. Wanorwe husema wao huzaliwa na skii miguuni, na wanajipima kwa mchezo huu kama Wakenya wanavyojipima kwa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Fikiria basi hali ya nchi ile mwaka 1988, timu yao iliporudi kutoka Olimpiki ya baridi ya Calgary, Kanada, bila dhahabu hata moja. Si katika skii za nyika tu, katika mchezo wowote. Dæhlie, kijana wa miaka 20, alikuwa Calgary kama mchezaji wa akiba. Hakushindana. Alikaa akaona jahazi likizama.

Alishinda mbio zake za kwanza za Kombe la Dunia, mfululizo wa mashindano ya msimu mzima, Desemba 1989. Mwaka 1991, Val di Fiemme, Italia, akawa bingwa wa dunia wa kilomita 15 mtindo huru, akaongeza dhahabu ya mbio za kupokezana. Ikaja Olimpiki ya Albertville, Ufaransa, mwaka 1992, na hapo Wanorwe wakalipa deni lote la Calgary kwa mkupuo: mbio zote tano za wanaume za skii za nyika zilikwenda kwao. Vegard Ulvang, aliyetoka Kirkenes, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Urusi, alichukua dhahabu tatu. Dæhlie naye tatu: kilomita 50, mbio za kupokezana walizoshinda pamoja, na mbio za kufukuzana.

Hizi za kufukuzana nizifafanue. Siku ya kwanza mnapiga kilomita 10 za klasiki, kila mtu na saa yake. Siku ya pili, kilomita 15 za mtindo huru, mnaondoka kwa mpangilio wa siku ya kwanza: aliyeshinda anatangulia, wa pili anaondoka nyuma yake kwa sekunde zilezile alizoachwa, na kuendelea. Wa kwanza kukata utepe ndiye bingwa. Ni mchezo wa simba na swala. Kule Albertville, Ulvang alishinda klasiki na Dæhlie alikuwa wa nne, kwa hiyo siku ya pili aliondoka akiwa mfukuzaji. Akawamaliza wote mmoja mmoja, Ulvang wa mwisho. Siku ya kupokezana, zamu ya mwisho ikiwa yake na Italia ikiwa mbali nyuma, aligeuka akakata mstari kinyumenyume, uso ukiwatazama wanaomfuata. Alikuwa na miaka 24. Picha ile ilizunguka dunia nzima, na sidhani Waitalia waliisahau.

Maana miaka miwili baadaye ikawa zamu yao.

Ukitaka kuwaeleza watoto mbio moja tu za Dæhlie zisizo za Boit, waeleze za tarehe 22 Februari 1994, Lillehammer. Olimpiki iko nyumbani. Msitu wa uwanja wa Birkebeineren umejaa watu zaidi ya laki moja, wengine wamelala mahemani kwenye baridi kali ili wasipoteze nafasi zao kandokando ya njia. Dæhlie tayari ameshachukua dhahabu ya kilomita 10, dhahabu ya kufukuzana, na fedha ya kilomita 30 nyuma ya kijana wa kwao, Thomas Alsgaard. Mbio za kupokezana, kilomita 10 mara nne, ndizo Wanorwe wanazozitaka kuliko zote. Italia imeanza na Maurilio De Zolt, mzee wa miaka 43. Zamu ya mwisho ni Dæhlie na Silvio Fauner, bega kwa bega.

Fauner alifanya kitu kilekile ambacho wewe huwafundisha watoto wako: alijificha. Alikaa nyuma ya Dæhlie, akamwachia akate upepo, akamwachia aweke kasi. Dæhlie alijua. Akapunguza mwendo makusudi, akapunguza tena, karibu wasimame katikati ya mbio za Olimpiki, akimtaka Mwitalia apite mbele. Walipoingia uwanjani kwa mita za mwisho, Fauner ndiye aliyekuwa na mbio miguuni. Italia ikashinda kwa sekunde 0.4 baada ya kilomita 40. Walioeleza siku ile wanasema umati wa watu laki moja ulinyamaza ukasikia Waitalia peke yao wakipiga kelele.

Nakueleza kushindwa huku kwa kirefu kwa sababu kunaonyesha udhaifu wake mmoja wa kweli. Dæhlie hakuwa mtu wa mita 200 za mwisho. Alikuwa injini: alishinda kwa kuwachosha wenzake kilomita nyingi kabla ya mwisho, au kwa saa, pale ambapo kila mtu anakimbia peke yake. Bega kwa bega uwanjani, Alsgaard alikuwa hatari kuliko yeye. Na sifa yao Wanorwe ni kwamba waliukubali ukweli huo. Nagano 1998, Dæhlie akiwa ndiye jina kubwa kuliko yote katika mchezo, alipiga zamu ya tatu, na ya mwisho akapewa Alsgaard. Mpinzani wa Alsgaard alikuwa nani? Fauner yuleyule. Alsgaard akamshinda kwa sekunde 0.2. Medali ile Dæhlie aliipata kwa kukubali kwamba mwingine anafaa zaidi mahali pale, na kwangu mimi ina uzito kuliko ile ya kinyumenyume.

Kati ya Lillehammer na Nagano sitakaa sana. Falun, Uswidi, mwaka 1993 alikuwa amechukua dhahabu tatu za ubingwa wa dunia. Thunder Bay, Kanada, mwaka 1995, Vladimir Smirnov wa Kazakhstan alimtesa, akamwachia dhahabu moja ya kupokezana. Trondheim 1997, nyumbani tena, tatu nyingine. Jumla ya medali za dunia ni 17, kati yake 9 za dhahabu. Kombe la Dunia la msimu mzima alilitwaa mara sita: 1992, 1993, 1995, 1996, 1997 na 1999. Hiyo sita ndiyo takwimu ninayoiheshimu kuliko hata Olimpiki. Olimpiki ni wiki mbili, unaweza kuangukiwa na bahati. Kombe la msimu linaanza Novemba au Desemba na kumalizika Machi, nchi baada ya nchi, theluji ya kila aina, mafua, safari, usingizi mbaya, na bado mwisho wa yote jina lako liko juu.

Sasa nije kwa mwenzako. Asilimia fulani ana haki. Skii za nyika zimetawaliwa na Norway, Uswidi, Finland, Urusi, Italia na majirani wachache, na ni mchezo unaotaka theluji na fedha. Mtoto wa Singida au wa Bukavu hana nafasi hata ya kujua kama anacho kipaji. Lakini hoja hiyo aipeleke mpaka mwisho. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji zilikuwa mali ya Kenya kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya mabingwa hao imetoka katika eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa matatu siku moja. Je, medali hizo hazina uzito? Ugumu wa ushindani unapimwa kwa ukaribu wa walio juu, na huko juu Dæhlie hakupewa kitu bure. Zile kilomita 50 za Nagano, baada ya zaidi ya saa mbili, alimshinda Msweden Niklas Jonsson kwa sekunde 8.1 tu. Alipokata mstari alianguka kwenye theluji akalala palepale dakika kadhaa, hawezi hata kuvua skii. Hiyo ilikuwa dhahabu yake ya nane ya Olimpiki, na ya mwisho. Ukijumlisha na fedha nne, ni medali 12. Hakuna aliyekuwa amefika hapo katika Olimpiki za baridi kabla yake. Dhahabu zake nane zilikuja kufikiwa na Wanorwe wenzake, Ole Einar Bjørndalen mwaka 2014 na Marit Bjørgen mwaka 2018.

Kuna swali ambalo hukuniuliza ila watoto wakubwa watakuuliza: dawa za kuongeza nguvu. Miaka ya 1990 ilikuwa michafu katika michezo ya pumzi ndefu, na mwaka 2001, kwenye mashindano ya dunia ya Lahti, Finland, wanaskii sita wa nchi mwenyeji walinaswa, akiwemo Myllylä niliyemtaja. Dæhlie hakuwahi kukutwa na kosa katika kipimo chochote. Kuhusu pafu lake, takwimu inayotajwa sana ni mililita 96 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, mojawapo ya kubwa zilizowahi kuripotiwa. Wakimbiaji wazuri wa dunia wengi wako kati ya 70 na 85. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mchezo wenyewe: mwanaskii anatumia mikono, mgongo, tumbo na miguu kwa pamoja, kwa hiyo misuli inayodai hewa ni mingi zaidi.

Na hapo ndipo tunapofika kwa Boit, maana bila kuelewa hilo huwezi kuelewa kilichomkuta Hakuba.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyepata shaba ya mita hizohizo Munich mwaka 1972. Mwaka 1996, kampuni ya Nike iliwafadhili yeye na Henry Bitok kwenda Finland kujifunza skii, kwa fikra kwamba pafu la Kenya litafanya kazi popote. Boit alikuwa hajawahi kuona theluji. Akapewa miaka miwili. Mchezo ambao Dæhlie aliuanza utotoni, mtu mzima apewe miaka miwili, na mbio atakazopiga ziwe za klasiki, mtindo wa ile karatasi niliyokuelezea. Pafu alikuwa nalo. Asichokuwa nacho ni maelfu ya saa za kujua mguu ukandamizwe lini, na mabega ya mtu aliyesukuma fimbo maisha yake yote.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Theluji ya Hakuba ililowa ikawa nzito, na theluji iliyolowa hunata chini ya skii ikaganda kama tope chini ya kiatu. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25.5, wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wapo walioacha njiani. Kati ya saa yake na saa ya Dæhlie kuna dakika 20 na sekunde moja.

Dæhlie alikuwa ameshinda dhahabu yake ya sita ya Olimpiki, na hakuna mwanaume aliyekuwa amefika hapo katika michezo ya baridi kabla yake. Waandaaji walitaka kuendelea na sherehe ya washindi. Yeye akabaki pale mwisho wa njia. Boit alipokata mstari, akamwendea akamkumbatia, na sherehe ikasubiri.

Wapo wanaosema ni huruma, au kamera. Mimi siamini, na sababu yangu ni ile tarehe 9. Siku tatu tu kabla, mtu huyu alikuwa ndani ya mifereji ileile na skii zisizoshika, kila kilima kimegeuka ukuta. Watazamaji walimwona Mkenya akihangaika. Dæhlie aliona mtu anayepanda na skii zinazomrudisha nyuma, akajua kila misuli iliyokuwa ikimuuma, akajua pia kwamba mtu anayemaliza kilomita 10 katika hali ile kwa dakika 47 amefanya kazi karibu mara mbili ya muda wa bingwa, kwenye mvua, bila mtu wa kukimbia naye. Mwanaspoti humheshimu mwenzake kwa kazi anayoiona. Boit aliuelewa ukumbatio ule hivyohivyo, ndiyo maana mwanawe aliyezaliwa mwaka huohuo alimwita Daehlie. Tena hakuacha. Alirudi Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Turin mwaka 2006, hapo Dæhlie mwenyewe keshastaafu.

Kustaafu kwenyewe hakukuwa kwa hiari. Kiangazi, theluji ikiisha, wanaskii hufanya mazoezi barabarani kwa skii fupi za magurudumu. Agosti 1999, akiwa na miaka 32 na kombe la sita la msimu mkononi, Dæhlie alianguka akiwa juu ya skii hizo akaumia mgongo. Akapasuliwa, akajaribu kurudi, mgongo ukakataa. Machi 2001 akatangaza kuacha. Leo ni mfanyabiashara, na nguo za michezo zenye jina lake zinauzwa nchi nyingi.

Kwa watoto, ukipata simu yenye intaneti, watafutie picha za kilomita 10 za Nagano, lakini usiwaonyeshe ukumbatio kwanza. Waonyeshe Dæhlie akipanda kilima. Waambie watazame mguu wa nyuma tu: unavyokandamiza, unavyoachia, na jinsi anavyoteleza mbali kwa hatua moja. Kisha waonyeshe Boit kwenye kilima kama hicho. Watoto wa riadha wataona wenyewe tofauti iko wapi, na iko chini ya mguu, haiko kifuani.

Na jina. Tamka "Deeli": e ndefu, mdomo ukiufungua kidogo kama unayeelekea kusema a, na hiyo h iache kabisa. Bjørn ni "Byen", huku midomo ukiiviringa kwenye hiyo e.